Kanuni ya Saba

Zamani, ukitaka simu ya kiwanda iache kulia ofisini
ikalie getini usiku, kwa mlinzi Nkwabi,
uliandika barua, ukaigonga muhuri,
ukapanda nayo ngazi hadi ghorofa ya tatu, Makoroboi,
ukaambiwa mhusika yuko semina.
Siku nne.
Barafu haina siku nne.

Barua ya namna hiyo ndiyo aliyoibeba Masatu.
Karatasi yetu, muhuri wetu, sahihi yangu,
hata kile kimkia cha herufi ya mwisho alikipatia,
na namba iliyokaa miaka kumi na mmoja ubavuni mwa malori
ikahamia kwake, Igombe.
Jumatatu. Jumanne. Jumatano.
Wateja waliomba barafu wakapewa barafu;
nani huionja kujua imetoka kwa nani?
Mimi nilikaa na simu bubu mezani
nikiisingizia mbalamwezi,
nikisema wavuvi wamepumzika.

Safari hii kampuni imemtuma Nyamizi,
kompyuta kwapani, vumbi la Kirumba viatuni.
Panga mwenyewe, mama, ananiambia.
Sisi tunakupa chumba chenye kuta.
Humo andika utakavyo: nani apokelewe na nani, saa ngapi.
Ukikosea, umejikosea.
Simu ya jirani huigusi, naye yako haigusi.
Ukitaka kupitishia nchi za mbali, zile za gharama,
mlango hautafunguka kwa neno lako peke yake.
Na kila ukibadilisha kitu, hata nukta,
tarakimu sita zitakuja kwenye simu yako ya mkononi,
zinaishi nusu dakika,
kumbikumbi wana umri kuliko hizo.

Nikaandika. Kidole kimoja, miwani puani.
Kama ni kabla ya saa kumi na moja alfajiri, basi Nkwabi:
ana tochi, ana daftari, hana usingizi.
Kama inatoka Nansio, basi Bwire,
kwa sababu wakisikia Kikerewe hawabishii bei.
Kama ni watu wa kodi, basi mhasibu;
mhasibu asipokuwepo, basi mhasibu.
Nyamizi akacheka, akaniachia.

Ya nne niliiharibu.
Nilisema: nikishindwa kupokea, apelekewe kaka yangu, Musoma.
Kumbe kaka naye, kwenye chumba chake, ameandika:
nikishindwa, apelekewe dada.
Simu ya kwanza ya majaribio ikatoka Mwanza ikaenda Musoma
ikarudi Mwanza ikaenda Musoma,
mzunguko wa tano mashine ikaikata.
Nilikumbuka shamba la baba
na miaka ile tuliyokuwa tukiwaambia wapangaji
muulizeni mwenzangu.
Hapakuwa na wa kutukata.

Ya tano umeme. Ya sita ni mama:
asichezewe muziki, asiambiwe bonyeza moja,
apite milango yote.

Ya saba.
Kama ni namba ya Masatu, basi

Kishale kinapepesa.
Nje, lori linarudi nyuma kwa kulialia,
vijana wanamwaga mapande, moshi baridi unatambaa sakafuni.
Niliandika: kata. Nikafuta.
Niliandika: apokelewe na sauti ya kurekodi, isome bei zetu,
kisha irudie. Hiyo niliipenda kwa muda.
Nikafuta.
Niliacha wazi, nikabonyeza hifadhi,
na mashine ikanijibu kwa herufi nyekundu:
sharti hili halina tendo.

Eti. Miaka miwili nimeishi nalo hivyo hivyo.

Nyamizi anatazama ukutani, kwenye kalenda,
kwa adabu, kama mtu asiyesoma.
Naandika: meza yangu.
Naandika: iite mara thelathini.
Naomba tarakimu. Zinakuja, sita,
natazama sekunde zikizila moja moja
mpaka zimekufa zote.
Naomba nyingine.